Nani Aliujenga Msikiti wa Kilwa? Mahali Patakatifu, Mji Uliogombewa na Watu wa Pwani ya Ruvuma

1.0 Utangulizi

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia delta ya Rufiji hadi mlango wa mto Ruvuma, hakuna jengo lililogombewa kuliko Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mji unaouzunguka ulitekwa kwa silaha mara kadhaa. Msikiti wenyewe umegombewa zaidi kwa maneno: katika tarehe zilizoandikwa kwa Kiarabu, katika vitabu vya Wareno, katika masimulizi ya wazee, na katika vitabu vya wanaakiolojia. Kila aliyeutawala mji alitaka ajulikane kuwa ndiye aliyepafanya mahali pale kuwa patakatifu, au ndiye aliyepaokoa.

Kutoka Mtwara hadi Kilwa ni karibu kilomita 300. Msikilizaji wa Mikindani, Msimbati au Newala anaweza kuuliza kwa haki: jambo hilo lina uhusiano gani na watu wa Ruvuma? Katika masomo ya shule, Kilwa husimuliwa kama habari ya Washirazi, Waarabu na Wareno, huku watu wa kusini wakitajwa tu kama wale waliopitishwa humo wakiwa wamefungwa minyororo. Mhadhara huu unadai kwamba usimulizi huo una upungufu mkubwa. Ushahidi wa tarehe zenyewe, wa majengo na wa lugha unaonyesha kwamba Msikiti wa Kilwa haukuanzishwa na mtu mmoja wala taifa moja, na kwamba watu wa bara la kusini wamo ndani ya historia yake tangu ukurasa wa kwanza. Wamo kama wenyeji, kama wakwe, kama waumini, na pia kama bidhaa. Anayetaka kuurithi msikiti ule hana budi kuyarithi yote manne.

2.0 Mahali na jengo

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilicho karibu sana na bara, chenye bandari yenye kina na iliyokingwa na mawimbi. Umuhimu wake ulitokana na upepo. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi katika msimu mmoja. Kusini zaidi, kupita mlango wa Ruvuma na rasi ya Cabo Delgado, pepo hazitegemewi vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo dhahabu na pembe za ndovu za Sofala zilipakiwa katika vyombo vya pwani, zikapandishwa kaskazini mbele ya fukwe za Msimbati na Mikindani, zikakusanywa Kilwa. Mji ulikaa mahali ambapo safari mbili zilikutana.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Ilijengwa katika karne ya 11 au ya 12, ikawa na nguzo 9 zilizobeba dari bapa. Sehemu ya kusini, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa matao na kuba. Neville Chittick, aliyekuja Tanganyika mwaka 1957 kuwa mhifadhi wa mambo ya kale na akaongoza uchimbaji wa Kilwa kwa miaka mingi, aliyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1974.

Vifaa vya jengo vyote ni vya pwani hii. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Matumbawe mengine yalichomwa yakawa chokaa. Dari ya zege la chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana nyumba za mawe za Waswahili ni ndefu na nyembamba, na ndiyo maana msikiti wa kwanza ulihitaji nguzo nyingi kwa nafasi ndogo. Fundi wa baadaye alipoacha boriti na kutumia kuba na tao, alikuwa amelishinda tatizo ambalo mikoko ya pwani ilikuwa imewawekea waliomtangulia. Hakuna sehemu ya jengo hili inayoweza kuelezwa bila fundi aliyeijua bahari ya hapa, miamba yake na miti yake.

3.0 Habari za mwanzo: Muriri, Mrimba na Mshirazi

Habari za kuanzishwa kwa Kilwa zimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni tarehe ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1499, na aliandika baada ya Wareno kuuteka mji. Nakala iliyoko London ilitoka Zanzibar kwa mkono wa balozi John Kirk, ikachapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, uliochapishwa mwaka 1552. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha Berlin mwaka 1907 pamoja na habari nyingine za pwani.

Zote tatu zinakubali kwamba mtawala wa kwanza wa Kishirazi, Ali, alikikuta kisiwa kina watu, akakinunua kwa nguo. Katika tarehe ya Kiarabu nguo zilitosha kukizunguka kisiwa. Vilevile tarehe ya Kiarabu na masimulizi ya Kiswahili zinakubali kwamba mwenye kisiwa alihamia bara akiwa na nia ya kurudi kwa nguvu maji yakipwa, na kwamba mgeni aliifunga njia hiyo: kwa kuchimba mkondo, kwa mujibu wa tarehe ya Kiarabu, kwa kafara na kisomo cha Kurani, kwa mujibu wa masimulizi ya Kiswahili.

Jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni lile linalosemwa na tarehe ya Kiarabu yenyewe kabla ya nguo na mkondo. Inasema kwamba wageni walimkuta kisiwani Mwislamu pamoja na jamaa yake, jina lake Muriri wa Bari, na kwamba palikuwa na msikiti, uliokuwa ukiitwa Kibala. Mwandishi aliyeajiriwa na historia ya wafalme, ambaye kazi yake ilikuwa kuupandisha utukufu wa nasaba ya Shirazi, amekiri kwamba msikiti ulikuwapo kabla ya nasaba hiyo. Hakuwa na faida yoyote katika kukiri huko. Aliandika hivyo kwa sababu habari hiyo ilikuwa ikijulikana mno mjini kiasi cha kutoweza kufichwa.

Jina lenyewe lina ushahidi. Muriri lina umbo la jina la mtu katika lugha za Kibantu, na kiunganishi "wa" ni cha Kibantu bila shaka. Neno Bari yumkini ni lile lile lililotupa "bara", kutoka Kiarabu barr, nchi kavu. Kama ndivyo, basi Mwislamu wa kwanza anayetajwa Kilwa kwa jina ni mtu wa bara, na jina lake limeundwa kwa sarufi ya hapa.

Masimulizi ya Kiswahili yanakwenda mbali zaidi. Yanawataja waliotangulia kisiwani kwa makabila yao: Mtakata, kisha Mranga, kisha Mrimba na watu wake, naye Mrimba alikuwa Mmachinga. Wamachinga wanajulikana hadi leo katika nyanda za Kilwa na Lindi, jirani na Wamwera na si mbali na Wamakonde. Mshirazi alimwoa binti wa Mrimba, na mtoto aliyezaliwa alipokua alikwenda bara kumtafuta babu yake, naye babu akamkabidhi madaraka.

Mara nyingi kisa hiki husomwa kama hila ya mgeni dhidi ya mwenyeji. Husomwa hivyo na mtu aliyezoea ukoo wa baba. Lakini Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua ni watu wa ukoo wa mama. Kwao mtoto ni wa upande wa mama yake, na ujombani ndiko kwao. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, mjukuu wa Mrimba hakuwa mgeni aliyenyakua. Alikuwa mtoto wa nyumbani aliyerudi kuchukua haki yake. Kisa kimoja kimewaridhisha watu wa aina mbili: Mshirazi aliona humo nasaba ya baba, mtu wa kusini akaona humo haki ya mama. Huenda ndiyo sababu kimedumu.

Sayansi ya siku za karibuni imeongeza neno lake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na mji mmoja wa ndani. Kwa wengi wao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba ulikuwa na mchango mkubwa kutoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba Mrimba aliishi au kwamba binti yake aliolewa na mtu fulani. Unaonyesha tu kwamba waliosimulia kisa cha ndoa hawakuwa wakisimulia jambo lisilowezekana. Wala haukuwafanya Waswahili kuwa Waajemi: lugha waliyozungumza, chakula walichokula na sehemu kubwa ya nasaba yao vilitoka kwa mama.

4.0 Ushahidi wa lugha ya ibada

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha mwaka 1993, kwa ulinganishaji wa sauti na msamiati, kwamba Kiswahili ni lugha ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomori. Hilo halina ubishi tena miongoni mwa wataalamu. Linaloweza kuongezwa hapa ni namna lugha hiyo ilivyoyapa majina mambo ya msikiti.

Maneno ya jengo na ya sheria ni ya Kiarabu kwa sehemu kubwa: msikiti, mimbari, kibla, sala, hotuba, kaburi. Lakini matendo ya ndani zaidi ya dini yamebaki katika Kibantu. Mwislamu wa Kilwa hufunga mwezi wa Ramadhani, huzika maiti, huomba dua. Vitenzi hivyo vitatu ni vya asili. Na jina analolitaja zaidi ni Mungu. Jina hilo si la pwani peke yake. Kiyao husema Mlungu, Kimakonde Nnungu, Kimakua Muluku. Kutoka kisiwa cha Kilwa hadi uwanda wa juu wa Newala na ng'ambo ya Ruvuma, jina ni moja, limebadilika sauti tu kwa kanuni zinazojulikana.

Maana yake kihistoria ni hii. Uislamu ulipofika pwani haukulifuta jina alilokuwa akiitwa Mwenyezi, ulilitumia. Aliyesali ndani ya kuba za Kilwa na aliyemwaga unga wa sadaka chini ya mti katika uwanda wa Makonde walitofautiana katika mengi, lakini walimwita kwa neno moja. Kama msikiti ungekuwa umeletwa mzima na wageni kwa ajili ya wageni, lugha ya humo isingalikuwa hivi.

Vilevile mgawanyo wa lahaja unafuata njia ile ile ya vyombo. Kuanzia Kilwa kushuka hadi Ruvuma huzungumzwa lahaja ambayo wataalamu huiita Kimgao. Ng'ambo ya mto, katika Cabo Delgado na visiwa vya Kirimba, huzungumzwa Kimwani, ambacho kina sura ya Kiswahili na bado kinawatatanisha wanaojaribu kukipanga. Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa mwaka 1886 uliufanya Ruvuma kuwa mpaka wa dola. Kabla ya hapo mto ulikuwa kituo cha njiani.

5.0 Ijumaa moja ya mwaka 1331

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib, yaani mwenye kutoa. Huyu ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na upanuzi wa kwanza wa upande wa kusini wa Msikiti Mkuu unahesabiwa kuwa wa zama zake. Sarafu yake moja ilipatikana Great Zimbabwe, mbali ndani ya nchi ilikotoka dhahabu.

Msafiri huyo aliandika mambo mawili yanayouhusu mhadhara huu. La kwanza ni kwamba watu wengi wa Kilwa walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Chale za uso ni desturi iliyoendelea kujulikana kwa Wamakonde na Wamakua wa pande zote mbili za Ruvuma hadi karne ya 20. Si halali kusema kwamba watu aliowaona walikuwa Wamakonde. Makabila hayabaki yalivyo kwa miaka 700, na desturi hii ilikuwa na wenyewe wengi. Lakini ni halali kusema kwamba raia wa Kilwa, katika kilele cha utajiri wake, walikuwa na alama za watu wa bara, na kwamba walikuwa wenye mji, si wapita njia.

La pili ni kisa cha fakiri kutoka Yemeni. Sultani alikuwa akitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Fakiri akamkabili, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru apewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ukarimu, na kwa kipimo cha zama zile kilikuwa hivyo. Ibn Battuta anaeleza pia kwamba Sultani alikuwa akifanya vita katika nchi ya Wazanji na kutenga sehemu ya tano ya ngawira kwa matumizi yaliyoelekezwa na Kurani. Msomaji wa leo anapaswa kuhesabu upya. Kwa ajili ya vazi moja lililoombwa baada ya sala ya Ijumaa, watu 20 walihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Fakiri ametajwa, Sultani ametajwa, mwanawe ametajwa. Wale 20 hawakupewa hata sentensi moja ya kuelezwa walikotoka. Bara la karibu ndilo lililokuwa uwanja wa vita hivyo.

6.0 Kuanguka na kujengwa upya

Upanuzi wa karne ya 14 haukudumu. Tarehe ya Kiarabu inasema msikiti uliporomoka, na kwa miaka mingi watu wakasali chini ya vibanda na mahema. Hapa pana somo lisilotajwa mara nyingi. Mji uliokuwa ukipiga sarafu yake wenyewe uliishi kwa muda mrefu na msikiti ulioanguka, na sala haikukoma. Utakatifu wa mahali haukuwa katika paa.

Ujenzi mpya ulifanyika wakati wa Sultani Sulaiman, aliyetawala kuanzia mwaka 1421 hadi 1442. Kwa mujibu wa tarehe, aliyeufanya ni Haji Rush, mtoto wa sultani wa zamani, aliyeomba ruhusa ya kuujenga kwa mali yake. Sultani alimpa mithkali 1000 za dhahabu zisaidie. Haji Rush alizipokea kwa adabu, hakuzitumia, na baadaye alizirudisha kwa warithi. Mwandishi wa tarehe alikusudia kumsifu mcha Mungu aliyetaka nyumba ya ibada isimame juu ya mali aliyoijua asili yake. Kwa kufanya hivyo alituachia ushahidi kwamba swali la mali hii imetoka wapi liliulizwa Kilwa na Waswahili wenyewe, miaka mingi kabla ya wapinzani wa utumwa wa Ulaya kuzaliwa.

Matao na kuba zinazoonekana sasa ni za ujenzi huo. Mzungu mmoja aliyekuja na jeshi la Wareno mwaka 1505 aliufananisha msikiti wa Kilwa na ule wa Cordoba, jengo tukufu kuliko yote ya Waislamu aliyolijua.

7.0 Dhahabu, msalaba na maji kupwa

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe chombo cha kuwekea ekaristi, na kazi hiyo ilikamilishwa mwaka 1506 na mfua dhahabu Gil Vicente. Chombo hicho, kinachojulikana kama Custódia ya Belém, kimehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa ya kale mjini Lisbon. Dhahabu iliyopita mbele ya mlango wa Ruvuma, ikapimwa karibu na msikiti, iliishia kuwa chombo kitakatifu cha dini nyingine. Wanaokitazama leo husoma jina la fundi na jina la mfalme. Jina la Kilwa lipo, bali kama mahali palipotozwa.

Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji. Taarifa ya waliokuwapo inasema kwamba makasisi walishuka wakiwa na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa shukrani hadi jumba la mtawala, sala ikasaliwa, kisha watu wote wakaanza kupora. Ngome ikajengwa, ile ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Gereza baada ya kujengwa upya na Waomani. Mwaka 1512 Wareno waliiacha.

Mwaka 1587 lilikuja pigo kutoka upande mwingine. Wazimba, wapiganaji waliotoka pande za Zambezi na kupanda pwani, waliuzunguka mji. João dos Santos, padri aliyeandika habari zao, anasema kwamba mtu mmoja wa Kilwa aliwaonyesha njia ya kuvuka maji yakipwa kwa sharti kwamba jamaa yake wasalimike. Mji ukaangamizwa, na msaliti naye akatupwa baharini pamoja na jamaa yake. Idadi ya waliouawa anaitaja kuwa 3000. Idadi za vitabu vya namna hiyo hupokewa kwa tahadhari. Lakini msomaji hawezi kuacha kuona kwamba njia ya maji kupwa ni ile ile aliyotaka kuitumia Mrimba. Watu wa kisiwani waliosimulia baadaye jinsi kisomo kilivyoifunga njia ile walikuwa wazao wa mji ulioangamizwa kwa kuachwa wazi kwake. Hofu ya bara imo katika kisa cha mwanzo, pamoja na undugu wa bara.

8.0 Ruvuma katika njia ya watumwa

Pwani ya Ruvuma haikufuata mkondo wa Kilwa katika kila jambo. Uchunguzi wa Matthew Pawlowicz katika eneo la Mikindani, uliochapishwa katika jarida la Azania mwaka 2012, ulionyesha kwamba kabla ya mwaka 1000 vyungu vya Mikindani vilifanana na vya pwani nyingine, lakini baadaye, Kilwa ilipokuwa ikitajirika, Mikindani ilielekea zaidi mitindo ya bara na kupokea bidhaa chache za ng'ambo. Mikindani ilikuwa na watu wake na mahusiano yake. Haikuwa kitongoji kilichosubiri kuamshwa.

Uhusiano uligeuka kuwa mchungu katika karne ya 18 na ya 19. Edward Alpers, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza jinsi misafara ya Wayao ilivyohamisha pembe na watu kutoka Kisiwa cha Msumbiji kuelekea Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja. Katika miaka ya 1780 Waomani waliutwaa mji, na biashara ikahamia taratibu Kilwa Kivinje, bara. Kisiwani, msikiti ukabaki na waumini wachache, magugu na popo.

Gharama ililipwa kando ya Ruvuma. Uwanda wa Makonde, usio na maji lakini wenye vichaka vizito, ulijaa watu waliokimbia kukamatwa. David Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, akaufuata mto kwenda ndani. Kufikia Juni alikuwa amemwona mwanamke aliyekufa akiwa amefungwa shingo mtini, kwa kuwa hakuweza kuendelea na msafara. Mwaka 1873 biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash, na mwaka 1876 Edward Steere, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Zanzibar kwenda kusini. Walianzisha makazi Masasi, wakajenga kanisa. Wengi wao walitoka nchi zilizo nyuma ya Kilwa na Ruvuma. Walirudi wakiwa wanazungumza Kiswahili, lugha ya mji uliowauza, wakakitumia kusali. Jina walilolitaja katika sala hizo ni lile lile: Mungu.

9.0 Hitimisho

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kuta zimeimarishwa. Usimulizi bado unahitaji ukarabati wake.

Swali la nani aliujenga Msikiti wa Kilwa limeulizwa kwa muda mrefu kama swali la kutafuta mwenye hati. Aliyesema "Mshirazi" alitaka kuhalalisha nasaba. Baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni waliosema "Mwarabu" walitaka kuonyesha kwamba Mwafrika hakujenga. Waliojibu kwa kumfuta kabisa Mshirazi nao waliingia katika mtego ule ule wa kumtafuta mwenye mali mmoja. Tarehe ya Kiarabu yenyewe haikudai hivyo. Ilimtaja Muriri wa Bari kabla ya Ali, na ikamtaja Haji Rush baada ya kuanguka. Masimulizi ya Kiswahili yakamtaja Mrimba na binti yake. Msikiti ulijengwa na kila kizazi kilichokubali kuurithi na kuutengeneza, kwa matumbawe, chokaa na boriti za pwani hii.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapaswa kuingia katika vitabu vya shule za kusini na katika maelezo wanayopewa wageni kisiwani. La kwanza ni jina la Muriri wa Bari, litajwe kwanza, kama tarehe ilivyolitaja kwanza. La pili ni wale watu 20 wa mwaka 1331. Majina yao hayawezi kurudishwa, lakini idadi yao imeandikwa, na kisa chao kilipoanzia panajulikana: ni msikitini, baada ya sala ya Ijumaa. Mwanafunzi wa Mtwara anayesimama mbele ya mlango huo ana haki ya kuambiwa kwamba kuba zilizo mbele yake ni kazi ya watu wake, na kwamba watu 20 walitolewa zawadi kwa ajili ya vazi lililoombwa hapo. Akiambiwa moja bila ya pili, atakuwa ameambiwa nusu.